Kiyoyozi Kilichonitia Aibu kwa Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alishuka kwenye basi pale stendi ya Mbezi saa tisa alasiri, mwezi wa pili, joto la Dar likiwa limeshika kweli. Alitokea Makete kwa kulala njia Iringa. Siku mbili nyuma alikuwa anaota moto jikoni kwake, na sasa alikuwa amesimama juani na kapu la viazi na ndoo ya maparachichi, anatabasamu kwa adabu huku jasho linamtiririka mpaka kidevuni.

Nilimwamkia, nikapakia mizigo, nikamfungulia mlango wa mbele kwa madaha. Nilikuwa na sababu ya madaha. Mwaka uliotangulia mimi na mke wangu tulinunua gari la umeme, dogo, lililotumika Japani, na mimi ndiye niliyempigia simu mama mkwe kumwambia kwamba akija hatahisi joto kabisa, kwamba ndani ya gari letu ni Makete tupu. Nilisema hivyo mara tatu au nne. Mwalimu wa jiografia nisiyejua kunyamaza.

Niliwasha gari. Sauti ya kike ikatusalimu kwa Kijapani, kama ilivyofanya kila siku, na mama mkwe akaitikia, "Ahsante." Nikabonyeza kiyoyozi mpaka mwisho. Ukatoka upepo mwembamba wa uvuguvugu, kama pumzi ya mtu aliyepanda ngazi. Tukaingia barabarani. Baada ya kilomita mbili za foleni alinyoosha mkono, akauweka mbele ya tundu la hewa, akautuliza hapo. Kwa Wakinga wa Makete, mkwe hamlaumu mkwe mwenzie mchana kweupe. Tulipofika karibu na Tegeta ndipo aliponiuliza, taratibu kabisa:

"Baba, hili joto linatoka wapi, na gari lenyewe uliniambia halina injini?"

Nilishusha vioo.

Sitaficha kwamba kiyoyozi kile kilianza kuchoka tangu Desemba. Mke wangu alishalalamika, nami nikamjibu kwamba ni joto la mwaka huu limezidi. Lakini kulalamikiwa na mke ni jambo moja, na kumchemsha mama yake ni jambo jingine. Halafu Jumapili ile tulikuwa na safari. Mtoto wa shemeji yangu alikuwa anapata kipaimara huko Gongo la Mboto, na kutoka kwetu Tegeta mpaka Gongo la Mboto ni kuvuka jiji zima. Nilikuwa na siku tatu.

Kesho yake asubuhi, mke wangu alipoondoka kwenda zamu hospitalini, nilikaa ndani ya gari uani na simu yangu, nikaanza kupiga picha vitufe vya dashibodi ili simu initafsirie Kijapani. Mama mkwe alileta kigoda, akakaa mlangoni mwa gari, anamenya viazi. Kitufe kimoja ambacho nilikuwa nakibonyeza kila siku kwa imani kwamba ni cha usalama, simu ilisema ni cha kubana matumizi. Kikiwaka, gari linabana umeme, na cha kwanza kunyimwa ni kiyoyozi. Nikakizima. Kingine nilichodhani ni cha kioo cha nyuma kilikuwa cha kuchagua hewa: ama uvute ya nje yenye joto, ama uzungushe ile ile ya ndani ambayo imeshaanza kupoa. Mwaka mzima nilikuwa najaribu kuipoza Tegeta yote. Nikakibadilisha.

Mama mkwe akaweka tena mkono kwenye tundu. Alisema kuna nafuu, lakini ya mgonjwa aliyekunywa uji, si ya mgonjwa aliyepona.

Mchana nikaendelea. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba nyuma ya kidroo cha mbele ya abiria kuna chujio la hewa. Nilikifungua kidroo kwa bisibisi, nikavunja kishikizo kimoja, nikaingiza mkono. Kilichotoka hakikufanana na chujio. Kilifanana na kipande cha godoro kuukuu, kimejaa vumbi, majani makavu ya mwarobaini na mabawa ya kumbikumbi. Nilitaka kukitupa. Mama mkwe alikipokea, akakipeleka nyuma ya nyumba, akaanza kukipigapiga ukutani kama mkeka wa msiba, vumbi likapaa mpaka kwa jirani. Kiliporudi mahali pake upepo ulitoka kwa nguvu ukapeperusha kitenge chake. Tukacheka wote wawili. Lakini ulikuwa upepo tu. Ubaridi wenyewe ulikuwa kidogo, na gari likisimama, haupo.

Siku ya pili nilikwenda kwa fundi mmoja wa magari pale Tegeta, mtu wangu wa siku nyingi, tangu enzi za gari letu la petroli. Kabla sijamaliza maelezo alishatamka ugonjwa: gesi imeisha. Alileta mtungi na geji zake, akafungua boneti, akainama. Alikaa muda mrefu ameinama. Kisha akaniuliza mkanda uko wapi, ule unaozungusha kompresa. Nikamwambia gari hili halina mkanda, kompresa yake inazungushwa na umeme. Akaziangalia nyaya nene za rangi ya chungwa, akafunga mtungi wake.

"Mwalimu, mie hii siigusi," alisema. "Ningekuwa mtu mbaya ningekudanganya. Kuna dada mmoja Kawe, fundi wa mafriji na AC za majumbani. Mambo ya kompresa za umeme ndiyo kazi yake. Nenda kwa yule."

Nilimheshimu zaidi siku ile kuliko miaka yote aliyowahi kunitengenezea gari.

Siku ya tatu, Jumamosi, nilikwenda Kawe, na mama mkwe akasema anakuja. Alisema amechoka kumenya viazi, lakini naamini alitaka kuona mwisho wa jambo hili. Karakana ilikuwa nyuma ya duka la vyombo la familia ya Kiarabu. Fundi alikuwa binti wa nyumba hiyo, mwanamke wa makamo, baibui lake limekunjwa mikono, amezungukwa na mafriji yaliyofunguliwa milango. Alituambia kwamba baba yake alikuwa anauza mafriji, na yeye tangu utotoni alikuwa anayafungua kuona yanafanyaje.

Hakukimbilia gesi. Kwanza alimwamkia mama mkwe shikamoo, akampa kiti. Kisha akauliza maswali kama daktari. Ubaridi unapungua gari likitembea au likisimama?

Nilianza kueleza. Mama mkwe akaniwahi. "Likitembea unakuja kidogo. Likisimama unakufa. Nimeweka mkono pale kutoka Mbezi."

Fundi akamtazama kwa furaha, kama mwalimu aliyempata mwanafunzi. Akasema hiyo siyo dalili ya gesi. Gesi huchukua joto ndani ya gari na kwenda kulimwaga mbele, kwenye kitu kama rejeta nyembamba. Kikikosa upepo, joto linakosa pa kwenda. Akaniambia pia kwamba ni bahati hakuna mtu aliyenijazia gesi kwa vifaa vya magari ya kawaida, maana kompresa hii ina mafuta yake maalumu, na mafuta mengine yakiingia yanaweza kuvujisha umeme. Akazima gari, akaniamuru nisiguse nyaya za chungwa, akawasha tochi, akachungulia kwenye matundu ya bampa la mbele. Akaingiza koleo. Akavuta.

Kilichotoka, kirefu na chenye matope, kilikuwa kitambaa cha nailoni cha meza, chenye picha za malimau.

Hapo nikakumbuka yote. Masika iliyopita, barabara ya kwetu ikiwa mto, kila mtu alinitisha kwamba gari la umeme likiingiza maji litatukaanga. Asubuhi moja ya mvua, kwa woga, nilichukua kitambaa cha meza kilichokuwa jikoni, nikakifunga ndani ya bampa. Mvua ikaisha, ukaja msimu wa baridi, sikuhitaji kiyoyozi, nikasahau. Gari la petroli lingechemka ndani ya siku mbili na kunisema. Hili lilivumilia kimya.

Nilifungua mdomo kusema labda kilipeperushwa na upepo. Fundi alinionyesha vile vikanda vya plastiki vya kufungia nyaya, vitatu, bado vimekaza.

"Hiki hakikuja na upepo, mwalimu. Mtu alikaa chini akakifunga vizuri."

Mama mkwe alisimama. Alikishika kile kitambaa pembeni, akakikunjua, akafuta tope kwa kidole. Aliniangalia. "Hiki si kile nilichowaletea harusini?"

Nikamwambia ndicho. Nikamwambia pia kwamba mke wangu alikitafuta mwezi mzima na mimi nikamsaidia kukitafuta. Nilitegemea ataniapiza kwa majina ya babu zake. Badala yake alirudi kwenye kiti, akajifunika uso kwa khanga, mabega yakatikisika, na sauti ilipotoka kilikuwa kicheko kikubwa mno kwa mama mpole kama yeye. Fundi naye akashindwa kujizuia. Mwishowe hata mimi.

Fundi akaosha ile rejeta nyembamba kwa maji ya taratibu, akakagua feni, akapima gesi kwa geji zake maalumu, akasema iko sawa, haiguswi. Kisha akawasha. Hatukuhitaji kipimo, ingawa alikiweka. Mama mkwe aliweka mkono kwenye tundu na kuutoa haraka.

Njiani aliniahidi kwamba hatamwambia mwanawe. Alimwambia kabla hajavua viatu.

Jumapili tulivuka jiji vioo vimefungwa, mke wangu kiti cha nyuma akiimba. Kule Gongo la Mboto, baada ya misa, turubai lilikuwa dogo na wageni wengi, na jua limesimama wima juu ya vichwa. Nikamwona mama mkwe akinong'ona na bibi mmoja, kisha na wa pili, kisha na wa tatu. Wakaja kuomba funguo. Gari la umeme halina moshi wala kelele, unaweza kulipoza limesimama tu, na shemeji alishatuvutia waya wa kuchajia kupitia dirishani.

Waliingia bibi wanne wenye vitenge vya sare, mama mkwe akiwemo, wakafunga milango, na sahani zao mapajani. Ile sauti ya Kijapani ikawasalimu, nikawaona wote wanne wakiitikia. Baadaye kidogo niligonga kioo, kuuliza kama na mimi ninaweza kuingia. Mama mkwe alikishusha kiasi cha vidole viwili.

"Subiri kwanza, baba," alisema. "Unatuingizia joto."

Nikarudi turubaini na pilau yangu.