Pale Meja Anapovuka Mto

Usiku ule wa kuamkia kumbukumbu ya babu yangu, Meja, nililala nikiyarudia majigambo yake kimoyomoyo. Kwetu Bukoba, shujaa akishafariki, mjukuu husimama mbele ya ukoo akatamba matendo yake kwa sauti. Zamu ilikuwa yangu, maana nauza viatu vya mtumba sokoni na koo langu halichoki. Ningeanza na kuruta aliyeingia jeshini pekupeku, nipande naye cheo kwa cheo hadi pale panaposubiriwa na wote: vitani, risasi zinanyesha, Meja anavuka mto amembeba mgongoni sajini aliyejeruhiwa. Sajini alikata roho ng'ambo. Meja akavishwa nishani. Mjane wa sajini, Bibi Koku, huja kila mwaka kupasikia hapo. Alikuwa amelala chumba cha pili.

Nikajikuta kibandani kwangu. Babu amesimama mbele ya viatu, sare imelowa hadi kifuani. Anainua buti, ananusa ndani.

"Karibu Meja," nikasema. "Hiyo haijavaliwa sana."

"Mwenyewe bado yumo."

Nikachungulia. Nikachungulia tena, kuhakikisha. Yumo.

Turubai la kibanda limekuwa matete, chini ni maji. Sajini yuko mgongoni kwa babu, analia kwa sauti. Adui wako ukingoni, karibu hivi kwamba nawasikia wakikohoa. Askari wetu wamelala matopeni, wote wanamtazama Meja. Babu anamshusha sajini, anamziba mdomo na pua kwa kiganja. Anakandamiza. Sajini anamkodolea macho; ameshaelewa. Miguu inapiga maji, inapiga, halafu haipigi.

"Nilivusha maiti," babu anasema bila kugeuka. "Wakanipa nishani kwa kuibeba. Kesho mwambie mkewe."

"Babu, tusikilizane. Nikisema alizimia?"

"Hapana."

"Basi niseme alikuwa wa kufa tu. Na hao wengine si walipona? Hapo nitatamba mpaka wazee walie."

"Jeraha lilikuwa la paja. Angepona."

"Punguza kidogo, babu. Ni mwanamke mzee yule."

"Akija kaburini kunishukuru, mumewe huwa amekaa ubavuni kwangu. Anamsikia."

Nikafungua mdomo nitaje bei nyingine. Akaniwekea kiganja, baridi, kinanuka matope. Akakandamiza.

Nikaamka nikitafuta hewa. Kumekucha. Bibi Koku yuko mlangoni, amejifunga kitenge kipya.

"Mjukuu wangu, unaota vibaya, eh? Umepiga kelele kama mbuzi."

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nisikilize. Leo usipakimbie pale anapobebwa. Mwaka jana mlipita mbio kama mmeitwa chakula. Mimi nangoja hapo tu, baba. Nikipasikia najua mume wangu hakufa mikononi mwa mtu mbaya."

Nilimtazama. Nikamtazama tena. Halafu nikasogea, nikampisha kitandani.

"Kaa kwanza, bibi."