Sinki Hewani

Mchoraji wa ramani ofisini kwetu huongea na kompyuta kama anayembembeleza mkwe. "Kaa hapo, tafadhali," husema, kidole kikiwa juu ya kipanya. Juzi alikuja mama mmoja kuidhinisha ramani ya nyumba yake, akataka kabati la jikoni lisogezwe dirishani. Kwenye skrini kabati likasogea, sinki lililokuwa juu yake likabaki linaning'inia hewani.

"Mbona sinki limesusa?" mama akauliza.

Mchoraji alijifuta jasho. Kumbe alikuwa amelipachika sinki ukutani! Akalifuta, akalipachika upya juu ya kabati lenyewe, kisha akalisukuma kabati, mabega yakimpanda kama analibeba yeye. Sinki likafuata. Mama akaomba arudie.

"Hata mume wangu hanifuati hivyo," akasema, akaitia ramani sahihi.