Bango la Alanyo

Makokha hakujua kutulia. Hata akila, mguu mmoja ulikuwa mlangoni. Kazi yake ilimfaa: kutundika mabango ya biashara pale mtaa wa Kansanga, na kuyashusha kibali cha muda kinapoisha. Wakubwa wa jiji hawana huruma na bango lililopitisha siku zake. Wanalibeba, na fundi aliyelitundika hapewi kibali kingine. Kama mwenye biashara amepata wateja au hakupata, hilo haliwahusu.

Asubuhi hiyo alizunguka nje ya mgahawa wa Mama Alanyo mpaka muuza chapati akamuuliza amepoteza nini. Alanyo, mke wa askari, alipika miaka mingi kule Port Bell kabla kibanda chake hakijavunjwa. Simu yenye namba za wateja ilipotea siku ya kuhama. Tegemeo lake likabaki bango: ALANYO WA PORT BELL. MALAKWANG IPO. Chini yake, mshale mwekundu ulioelekea mlangoni. Malakwang ni mboga ya kwao kaskazini, huungwa kwa ufuta, na wafanyakazi wa reli, wateja wake wa Port Bell, walikuwa hawaambiwi kitu juu yake.

"Mama, kibali imeisha," Makokha alisema, ngazi begani.

"Watu yangu bado kuniona, na wewe unatoa? Hii wiki wasipokuja, nafunga, narudi Gulu."

"Wakikuta hii hapa, mimi nimekwisha."

"Basi toa. Toa haraka, nisione."

Alilishusha roho ikimuuma. Kwa mafundi, bango lililoisha siku ni la aliyelishusha, na nyumba nyingi za Namuwongo, mtaani kwa Makokha, zimezibwa kwa mabango hayo, maandishi yakigeuzwa ndani. Usiku huo hakupata usingizi. Kulipokucha akalipigilia kwenye ukuta wake wa mbao unaotazama reli, maandishi nje. Treni ya Port Bell hupita pale polepole. Watu wa Alanyo watasoma, watajua bado anapika. Kumuuliza mkewe Moreen, hapana. Kufikiri kidogo, hapana. Huyo, akashika njia.

Mchana Moreen akapiga simu. "Baba Travis, umefanya nini? Wanaume wa reli wamejaa mlangoni, wanataka malakwang. Wengine wameshanawa mikono!"

Mshale! Makokha akateremka ngazi mbio, aibu na kicheko vikimpanda pamoja. Alimkuta Alanyo mgahawani akifunga vyombo kwenye gunia. Sufuria ya siku hiyo ilikuwa jikoni, haijaguswa.

"Mama, watu yako wako kwangu. Twende na sufuria."

Walipofika Namuwongo, mzee mmoja wa reli alisimama, mikono imemkaukia maji.

"Mama Alanyo! Sisi tulisema umekufa."

Alanyo akatua sufuria, akalia mbele yao wote bila kujificha, kisha akaanza kupakua. Makokha alitafuta pa kukaa, lakini kila kiti cha nyumba yake kilikuwa na mteja.