Kufumua Jina Mbele ya Mwenye Jezi

Siku yangu ya kwanza kazini sikushona hata herufi moja. Fundi Mkuu alinipa nusu ya wembe, kigoda na jezi kuukuu ya mpira, akaniambia nitoe jina lililokuwa mgongoni bila kuchana kitambaa. Nilikuwa nimeacha shule darasa la sita. Mama alitangulia, baba akafuata kabla mwaka haujaisha, na chumbani kwetu Mchikichini kulikuwa na wadogo zangu watatu wakisubiri nirudi na chochote. Wa mwisho, Hatibu, nilikuwa bado nambeba mgongoni.

Nilivuta herufi ya kwanza kwa nguvu na kitambaa kikachanika. Fundi Mkuu hakugomba. Alikuwa Mhindi wa pale pale Kariakoo, duka la ushonaji alilirithi kwa babu yake, na kila asubuhi aliwasha ubani mbele ya picha za miungu yake kabla hajagusa mkasi. Alinipa jezi nyingine.

"Hutoi herufi," alisema. "Unatoa uzi. Herufi itatoka yenyewe."

Ninyi mnaojifunza kazi hii leo mmekuta mashine ya kubandika majina kwa moto, kwa hiyo niwaeleze tulivyofanya. Herufi tulizichora kwa vigezo vya katoni, tukazikata kwenye kitambaa kigumu, tukazishikiza kwa pini mgongoni mwa jezi, kisha tukapita ukingoni na cherehani ya zigizaga, ile inayoshona uzi ukienda huku na huku ili ukingo usifumuke. Kutoa jina ni kurudi njia hiyo hiyo kinyume. Unageuza jezi ndani nje, unakata mshono mmoja na kuacha kadhaa kwa ncha ya wembe, unageuza tena, halafu unavuta uzi wa juu polepole. Ukipatia, unatoka mzima kama utambi wa taa. Mwisho unapitisha kitambaa chenye maji na pasi ya vuguvugu ili matundu ya sindano yajifunge.

Kitu kimoja hakiondoki kwa pasi. Jua la uwanjani na sabuni ya unga hupausha jezi yote isipokuwa pale palipofunikwa na herufi. Ukishafumua, jina linabaki kwa rangi yake ya mwanzo, kama alama ya pete kwenye kidole. Tuliita kivuli. Wateja walilalamika sana juu ya kivuli, na hatukuwa na dawa yake.

Duka la Fundi Mkuu lilikuwa na sheria moja ambayo sikuikuta kwa fundi mwingine yeyote. Jina hufumuliwa mbele ya mwenye jezi. Kushona, acha nguo uende zako. Kufumua, unakaa kwenye kigoda mbele ya fundi na kushika kola kwa mikono miwili, kitambaa kikae sawa. Nilimuuliza kwa nini.

"Akiniachia, kesho atasema mimi ndiye niliyetoboa," alisema. "Na akishika mwenyewe, anajua anachokitoa."

Kwa sheria hiyo kijiwe cha mpira kilizaliwa mbele ya duka letu. Mtu aliyekaa ameshika kola hana pa kwenda, mikono yake haina nafasi, mdomo wake unayo. Ataeleza kwa nini mchezaji huyu hamtaki tena. Anayepita atamjibu. Baada ya muda watu wakaleta benchi, wakawa wanakuja hata wasio na jezi. Nimesikia makocha wakiajiriwa na kufukuzwa pale asubuhi na mapema, kabla wenye timu hawajaamka. Timu yetu sitaitaja. Wa Kariakoo mnaijua, na wa mbali mjue tu kwamba ina watani, timu ya mtaa wa pili, na kwamba mtaa mmoja ukicheka mwingine haulali vizuri.

Fundi Mkuu alipozeeka watoto wake walimhamishia kwao Upanga. Siku ya kufunga duka alinikabidhi cherehani ya zigizaga na kile kigoda, nikahamia kwa bosi wangu wa pili. Huyu alikuwa Mchaga, muuzaji wa jumla wa vifaa vya michezo, tukimwita Mangi kama Wachaga wenzake wote wenye maduka. Alinipa nafasi mlangoni. Sheria ya kola hakuipenda.

"Dada Siti, hawa watu wanakaa hapa kupiga domo. Mteja wangu wa jumla apite wapi na magunia?"

"Wakisimama watapita, Mangi."

"Lini wamesimama?"

Lakini aliona kwamba aliyekuja kubishana aliondoka na soksi au mpira, akaacha kulalamika. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kuvuta kiti.

Kwa kazi hiyo wadogo zangu walisoma, mmoja akawa nesi, mmoja akaenda Tanga kwenye gereji. Hatibu alisoma pia, ila moyo wake ulikuwa kwenye vumbi la viwanja vya Jangwani, mvua zikiisha, akicheza beki wa kushoto na watu wazima. Timu yetu ikamsajili. Tawi la mashabiki la Mchikichini lilishangilia kana kwamba wamesajiliwa wote. Mwenyekiti wa tawi, muuza viatu vya mitumba, alikuja dukani na furushi la jezi akasema kila mwanachama anataka HATIBU mgongoni. Nilizishona mwenyewe, moja moja. Uwanjani siku ile nilikaa nyuma ya tawi, na kila mgongo niliouona ulikuwa umeandikwa jina la mtoto niliyembeba.

Nakuja sasa kwenye msimu ambao watu huniuliza habari zake.

Uongozi wa timu uliingia na maneno mapya. Walimwacha kiungo mkabaji, namba sita wetu, yule aliyekuwa akiziba upande wa kushoto beki anapopanda. Walisema analinda mno, hashambulii, na mashabiki tulipiga makofi. Mechi zilipoanza, mabao yakawa yanaingia upande wa Hatibu. Tukafungwa na watani, yote kutoka kushoto. Mkataba wake ulikuwa unaisha, na mkutano wa wanachama ulikuwa mwisho wa mwezi. Tawi likaamua kwamba litaingia mkutanoni na jezi zilizofumuliwa jina, uongozi uone wenyewe. Mchezaji aliyekataliwa na tawi la nyumbani kwao hana wa kumtetea. Hilo nililijua, na Hatibu alilijua.

Mwenyekiti alileta furushi. Hakuniangalia usoni.

"Da Siti, nitazipitia Alhamisi."

"Aje kila mtu na yake, Mwenyekiti. Sheria ni ile ile."

Mangi alinivuta pembeni. "Kazi hii mpe fundi mwingine. Hakuna atakayekulaumu."

Nilimwambia majina yale niliyashona mimi, na fundi mwingine angechana. Nilisema hivyo kwa sababu ilikuwa kweli. Pia sikutaka mtu aseme Siti anachagua kazi.

Wa kwanza kukaa alikuwa Katibu wa tawi, muuza spea wa mtaa wa Gerezani, mtu mwenye msimamo.

"Mimi sina chuki na mtu, Da Siti. Naipenda timu."

"Najua. Shika kola."

"Winga anapita pale kama anaenda sokoni. Tumvumilie mpaka lini?"

"Ivute kidogo. Hivyo hivyo."

Nilitoa jina lote na uzi haukukatika. Katibu aliinua jezi, kivuli cha HATIBU kikaonekana wazi kuliko jina lenyewe. Aliikunja haraka.

Jioni ile Hatibu alikuja kula kwangu, kama kawaida yake. Alinawa, akakaa.

"Dada, nasikia unanifumua."

"Nafanya kazi. Kula."

Alimega tonge. "Uzi haukukatika?"

"Haukukatika."

Akacheka, akala. Alikuwa amekulia chini ya cherehani, anajua kinachoniuma. Wakati wa kuondoka alisimama mlangoni kidogo, akasema bao la pili la watani lilikuwa kosa lake na kwamba hakulala usingizi. Sikumbembeleza. Nilimwambia kesho aende mazoezini mapema.

Kesho yake alikaa Mwenyekiti. Benchi lilijaa, na mtani mmoja, muuza kahawa wa mtaa wa pili aliyependa kuja kutucheka, alikuwa ameweka birika lake chini.

"Shika vizuri, Mwenyekiti," alisema mtani. "Msimu huu hamjashika kitu."

"Mimina kahawa wewe."

Nikatoa H. Nikaanza A.

"Mimi naomba kuuliza," mtani akaendelea. "Beki mnamfumua, sawa. Namba sita wenu yuko wapi?"

"Aliachwa," alisema Katibu. "Alikuwa analinda sana."

"Namba sita asilinde, alinde nani? Muuza tiketi?"

Benchi likaangua kicheko. Katibu hakucheka.

"Hata akiwepo namba sita, beki lazima akabe. Mpira unapita miguuni kwake, sio miguuni kwa uongozi."

"Kaka, mmemfukuza mlinzi wa geti, sasa mnampiga mpishi kwa sababu mwizi kaingia jikoni."

"Wewe mtani unamtetea kwa nini? Unataka abaki mfungwe tena?"

"Nataka abaki, ndiyo. Lakini nilichosema ni kweli, na ndiyo maana kinakuuma."

Nikatoa T. Vidole vya Mwenyekiti vilikuwa vimekaza kola mpaka vimepauka. Halafu akamwambia Katibu, bila kugeuka:

"Siku walipomwacha namba sita, ulipiga makofi."

"Na wewe ulipiga."

"Nilipiga."

Mwenyekiti akaniangalia usoni kwa mara ya kwanza wiki ile.

"Da Siti, wewe mwenyewe unamwonaje mdogo wako?"

"Bao la pili ni lake, alichelewa. La kwanza alikuwa peke yake mbele ya watu wawili," nilisema. "Niendelee?"

Alitazama herufi tatu zilizolala mapajani mwangu, na zile zilizobaki kwenye jezi.

"Subiri kidogo," alisema. Baadaye akasema, "Rudisha."

"Zote?"

"Zote. Na hao wa kesho nitaongea nao mimi."

Mtani alipiga kikombe kwa kikombe. "Angalau ungeacha nusu, Mwenyekiti. Tungekuita Ibu."

Nilizirudisha herufi kwa mkono, sindano ikiingia katika matundu yale yale. Ni kazi ya taratibu, na naiona kuwa kazi bora niliyowahi kufanya. Ukiishika jezi ile huwezi kujua kwamba ilifumuliwa.

Mkutanoni nilikuwepo, kadi yangu ya uanachama mkononi. Mwenyekiti alisimama, mgongo wake umeelekea kwetu tuliokaa nyuma, jina zima. Aliwaambia viongozi: "Tunataka kujua namba sita aliondoka kwa sababu gani na nani amekuja badala yake. Mkitujibu hilo, tutazungumza habari za beki." Katibu naye alisimama, akasema yake bila kuogopa, kwamba beki ana makosa yake na asifichwe. Nilimheshimu kwa hilo, ingawa kivuli cha mgongoni kilimsaliti, na mtani alipomwona barabarani alimuuliza mbona amemvaa mtu asiyemtaka.

Siku ile uongozi ulihamia ajenda nyingine. Lakini wiki iliyofuata kocha alimshusha kiungo mmoja azibe kushoto, mabao yakapungua, na Hatibu akaongezewa mkataba. Hakuwa nyota. Alikuwa beki wa kutegemewa mpaka goti lilipomstaafisha, na siku ya kuagwa aliuzunguka uwanja mzima akipigiwa makofi. Sasa anafundisha watoto pale pale Jangwani, anawagombeza kwa sauti ninayoitambua, maana ni yangu.

Mimi nilistaafu macho yalipokataa kuona tundu la sindano. Mangi alinifanyia sherehe ndogo dukani na kuagiza biriani. Mashine ya moto iko pale nilipokuwa nakaa. Inabandika jina kabla mteja hajakaa, na kulitoa ni kupuliza moto na kubandua. Siilaumu. Nasema tu kwamba sasa mtu anamwacha mchezaji bila kushika kola, na mabishano yamehamia kwenye simu, ambako anayejibiwa haonekani uso. Mkiweza, wekeni kigoda. Mashine haikatazi.

Juzi, asubuhi ya mechi ya watani, Mwenyekiti alikuja nyumbani kwangu kwa mkongojo. Tulisalimiana, akavua jezi aliyovaa juu ya shati. Ilikuwa ile ile, imepauka mpaka hujui ilikuwa rangi gani, uzi umeoza, herufi zinaning'inia. Kabla sijasema neno alivuta kigoda, akakaa mbele yangu na kushika kola.

"Nishonee, Bi Siti. Siwezi kwenda uwanjani mgongo mtupu."

Sikuhitaji wembe. Herufi zilitoka kwa vidole, moja baada ya nyingine, mpaka zote sita zikawa mapajani mwangu. Nilimwambia macho yangu hayawezi tena, na nikamgeuzia jezi aone mgongo. Kitambaa chote kilikuwa cheupe kwa jua la miaka, isipokuwa pale zilipokuwa herufi. Pale rangi ilikuwa mpya kama siku nilipoishona.

Alipitisha kidole juu ya kivuli.

"Basi acha," alisema. "Inasomeka."

Akaivaa. Nilimsindikiza mpaka barazani, nikasimama nikimtazama akishuka mtaa polepole na mkongojo wake. Kwa macho yangu haya mabovu, nililisoma jina la mdogo wangu mpaka alipokata kona.