Misumari Mdomoni

Fundi Misumari hakupewa jina hilo bure. Ukipita kwenye kibanda chake cha makochi utamkuta amepiga magoti mbele ya kiti kilichovuliwa kitambaa, nyundo mkononi, vimisumari vimejipanga midomoni kama meno ya ziada. Mteja anaeleza anachotaka, fundi anatikisa kichwa. Akiulizwa bei, anaiandika kwa chaki kwenye ubao. Watu humsifu kwamba ana bidii mpaka hana nafasi ya kuongea. Hawajui kuwa vimisumari vile huingia mdomoni pale tu anapomwona mteja anavuka barabara.

Fundi ana kigugumizi, na siku ya harusi yake kilimshika vibaya. Mfungishaji ndoa alimtaka aseme kwamba anamkubali bibi harusi. Akaanza nina, nina, nina, jasho likamtiririka hadi kwenye kola, ukumbi ukaanza kukohoa. Ndipo kaka yake mkubwa akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwandikieni tu, amekubali huyo. Chakula kinapoa." Watu wakaangua kicheko, mfungishaji naye akacheka, mhuri ukapigwa. Ndoa ikapita, neno likabaki.

Tangu hapo wamelea na wameozesha, na mkewe, Mama Pacha, hakuwahi kuligusa jambo lile. Mpaka juzijuzi, nyumba ilipobaki na wao wawili, akasema angependa warudie kiapo chao mbele ya watu. Alisema huku anakunja nguo, bila kumtazama. Fundi akatikisa kichwa, vilevile anavyowatikisia wateja.

Kazi ya kadi ikamwangukia yeye, maana mchapaji ni jirani yake wa kibanda. Maneno alipewa na mkewe: tunawaalika mje mshuhudie tukirudia kiapo chetu cha ndoa. Kila alipofika kwenye mshuhudie, fundi alisikia ukumbi ukikohoa. Mwishowe akampelekea mchapaji maneno mengine kabisa: karibuni chakula cha mchana cha familia. Kiapo hakikutajwa. Alijiambia watu watakuja, watakula, watajiendea zao, na hakuna atakayemkodolea macho mdomoni.

Kadi zilipokuwa tayari, Mama Pacha ndiye aliyezichukua. Akatoka kwa mchapaji, akaja moja kwa moja kibandani. Fundi kumwona tu, mkono ukaenda kwenye kopo la vimisumari kwa mazoea, na mkewe alipoingia, mdomo ulikuwa umeshajaa. Mkewe akaweka kadi moja juu ya kiti.

"Baba Pacha," akasema taratibu, "kama unaona haya kusimama na mimi, ungeniambia. Nisingewasumbua watu."

Jamani, fundi alitamani ardhi ipasuke immeze. Miaka yote aliihesabu aibu ile kuwa yake peke yake. Haikumpitia akilini kwamba mwenzake aliondoka ukumbini siku ile bila kukubaliwa na yeyote, isipokuwa shemeji mwenye njaa.

Akavitema vimisumari kiganjani. Mlangoni alisimama mteja amekumbatia mto wa kochi. Fundi alimwona, masikio yakamuwaka, na bado akafungua mdomo.

"Si... si... si wewe. Ni... ni..."

Mteja, kwa huruma yake, akataka kumsaidia kumalizia. Mama Pacha akamwinulia kidole.

"Mwache. Neno hilo ni langu, nimelingoja siku nyingi."

Wakangoja. Gari likapita nje, na jingine.

"Ni mdomo," fundi akasema, akainamisha kichwa.

Mama Pacha akavuta kigoda, akakaa. Akaichukua chaki ya bei, akageuza kadi, akaandika nyuma maneno yake ya mwanzo, na chini yake akaongeza: Bwana ana neno la kusema na hana haraka. Mwenye njaa ale kwanza kwake.

Fundi aliipeleka mwenyewe kwa mchapaji, uso umemwiva kwa haya. Mchapaji akaisoma, akauliza kama mstari ule wa chini ni utani, aufute.

Mdomoni hamkuwa na msumari hata mmoja.

"Ha... ha... hapa..." fundi akaanza, na mchapaji akaweka kalamu chini akamsubiri.