Kompyuta ya Zita Ilipofunguliwa

Zita alikuwa mhariri wa video za harusi na kipaimara, kazi aliyoifanya katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama yake, Marangu. Kompyuta yake ilikuwa ya bei ya chini na mwendo wake wa bei hiyohiyo. Kuna maharusi waliokuja kuchukua video yao wakiwa na mtoto mgongoni.

Siku moja akasoma mtandaoni kwamba chipu ya mazabodi yake, ule ubao wa ndani unaobeba kila kitu, ilikuwa karibu sawa na za bei kubwa. Watengenezaji walikuwa wameifunga tu, ili anayetaka zaidi alipe zaidi.

"Mama, watu wamenifungia kitu changu mwenyewe!"

"Nani? Majirani?" aliuliza mama yake, Justina.

"Waliotengeneza kompyuta."

"Si uwapigie simu wafungue."

Hakupiga. Alishuka Moshi kwa fundi simu, akaazima kifaa cha kuandikia chipu. Akaifuta programu inayoiamsha mashine, akaweka nyingine iliyorekebishwa na wajuzi wa mtandaoni, kisha akachomelea kiwaya chembamba pale walipoelekeza. Kompyuta haikuwaka. Akarudia, ikawaka na kuzima papo hapo. Zita akatoka nje akalia kidogo migombani, akarudi, akachomelea upya.

Safari hii ikafunguka. Akapandisha kasi ya prosesa, ubongo wa mashine, hadi feni zikavuma kama mashine ya kusaga. Harusi nzima ikakamilika kabla chai haijapoa. Zita alicheza peke yake chumbani.

Ulikuwa mwezi wa saba, ukungu umeshuka mpaka kihambani, kwenye migomba ya nyumbani, na vifaranga wa Justina walikuwa wakifa kwa baridi. Asubuhi moja Zita akakuta boksi nyuma ya kompyuta, pale hewa ya moto inapotokea.

"Mama! Hii ni mashine ya kazi!"

"Punguza sauti, wamelala."

Hakufa hata mmoja tena. Ila video ikimalizika, joto lilishuka na vifaranga wakaanza kelele, naye Justina aliita kutoka zizini, "Zita, ipe kazi nyingine!" Zita akawa anatengeneza upya harusi za zamani, mojawapo ikiwa ya watu waliokwisha kuachana.

Habari zikaenea. Mzee Sirili, jirani wa ng'ambo ya mfereji, akaja amevaa koti la kanisani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia umefungua kompyuta, ukaitoa nguvu iliyofichwa."

Hakuna aliyewahi kumtajia hilo. Zita akamweleza yote: chipu, kiwaya, kasi. Mzee alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho.

"Hongera sana," akasema. "Sasa yangu mimi iwe ya vifaranga mia."

Zita akamtazama mama yake, aliyekuwa ghafla na shughuli nyingi za kufagia.

"Mia ni wengi, baba," alisema hatimaye. "Itabidi tuongeze na kadi ya video, hiyo ina joto zaidi."