Ubao wa Nyuma wa Boti ya Baba Mkwe

Ipo asubuhi moja hapa Matema ambayo haijanitoka moyoni, mwanangu, na leo nyundo ya baba mkwe wako anayetengeneza boti huko ufukweni imeirudisha yote.

Nilikuwa nimeolewa karibuni kama wewe, na mtoto wa kwanza mgongoni. Baba mkwe wangu alinunua mashine mpya ya boti. Ile ya zamani ilikuwa ndogo, mtu aliibeba begani huku anapiga soga. Hii ilibebwa na wanaume wawili, na walilalamika njia nzima. Boti yenyewe ilikuwa ya siku nyingi. Ule ubao wa nyuma unaobeba mashine, mzee aliupigilia ubao mwingine juu yake, akapaka rangi ya bluu, kazi kwisha.

Tukaenda na mzee Ikombe, kwa wafinyanzi, kuchukua vyungu vya kuuza. Wakati nachota maji yaliyoingia botini, nikauona ubao wa ndani, ule wa zamani. Nikaubonyeza kwa kidole gumba, kikazama kama kwenye muhogo uliochemshwa. Nikaogopa. Lakini ningemwambia nani? Kwetu mke wa mtoto hasemi na baba mkwe wala hamtazami usoni, kama wewe unavyomkwepa wako. Mume wangu, wa kunifikishia maneno, alibaki nyumbani. Nikakaa mbele, nikampa mzee mgongo, nikanyamaza.

Wakati wa kurudi, tulipofika pale mlima unaposhuka moja kwa moja majini, pasipo hata mchanga wa kuegesha, upepo ukaanza. Mzee akaongeza mwendo. Nikasikia ubao unalia nyuma. Kwaa. Kimya kidogo. Kwaa tena. Maji yakanifika vifundoni. Mwanangu, niliyaogopa maji yale, na bado niliogopa zaidi kugeuka. Hilo ndilo linalonitisha hadi leo.

Mtoto akalia. Nikageuka. Mashine ilikuwa imelalia nyuma, ubao umeachia upande mmoja.

“Baba, zima! Ubao unang'oka!”

Akazima. Akaikumbatia mashine kwa mikono miwili isije ikaondoka na ubao, nami nikatupa vyungu ziwani, nikashika kasia. Sijui tulifikaje.

Mchangani nilipiga magoti nikingoja kukaripiwa kwa kuvunja mwiko. Mzee akauliza huku anatazama ziwa:

“Uliuona asubuhi?”

“Niliuona, baba.”

“Ukaninyamazia kwa heshima. Mimi ningezikwa na heshima yangu, haya. Na mjukuu wangu je?”

Nikamfunga mtoto upya mgongoni, tukapanda nyumbani.

Sasa sikiliza. Mume wangu, huyo baba mkwe wako, ni mtoto wa baba yake kabisa, na nimeuona mkebe wa rangi pale kwenye boti. Nenda ukauchome msumari ule ubao wa ndani. Ukizama, mwambie aung'oe wote, aweke mbao ngumu mpya kutoka ubavu hadi ubavu, azifunge barabara, ndipo apandishe mashine. Mwambie kwa mdomo wako, usipitie kwangu, maana siku ya hatari sitakuwa botini. Atanuna. Huyo niachie mimi.

Mungu akupe sauti kabla maji hayajakufika vifundoni, akurudishe nyumbani na vyungu vyako vizima. Haya, inuka. Yule mtoto aliyelia mgongoni mwangu ndiye mume wako, na kesho anasafiri na boti hiyo.